Straika ni Dakika: Usajili wa Asisat Oshoala na Maamuzi Yanayotungoja



Niliombwa nizungumzie maisha ya mshambuliaji wa kulipwa katika soka la wanawake. Sitaki kugusa wachezaji kumi juu juu. Nitamchukua mmoja, Asisat Oshoala wa Nigeria, nifuate usajili wake mmoja baada ya mwingine, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo sisi tunaowashauri mabinti hatulipi uzito. Straika hujengwa na dakika za kucheza. Klabu yenye jina kubwa isiyompa dakika hizo inaweza kumla miaka yake mizuri huku nyumbani tukimpongeza kwa picha za jezi mpya.

Oshoala alizaliwa Ikorodu, jimbo la Lagos, Oktoba 1994. Wazazi hawakutaka acheze mpira, na mwenyewe amesimulia kwamba bibi yake ndiye aliyemkingia kifua. Akapita FC Robo, kisha Rivers Angels. Sehemu hiyo kila mmoja wetu humu ana binti anayeipitia sasa hivi, siirefushi.

Jina lake lilipaa mwaka 2014 nchini Canada, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 20. Katika nusu fainali Nigeria iliifunga Korea Kaskazini 6-2, na manne kati ya hayo sita yalikuwa yake. Fainali waliipoteza kwa Ujerumani, 1-0, katika muda wa nyongeza, lakini aliondoka na tuzo zote mbili kubwa: mfungaji bora kwa mabao saba, na mchezaji bora wa mashindano. Alikuwa na miaka 19. Mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa Afrika na timu ya taifa, Super Falcons. Simu za mawakala lazima zilikuwa hazipoi.

Januari 2015 akasajiliwa Liverpool, bingwa wa England wa 2013 na 2014. Kwenye karatasi ulikuwa usajili wa ndoto. Uwanjani mambo yakawa mengine: akaumia goti, timu ikaporomoka, msimu ukaisha ikiwa ya saba kati ya timu nane. Mwaka uliofuata akahamia Arsenal, iliyotwaa Kombe la FA mwaka 2016. Medali ilipatikana, lakini mabao yake ya ligi katika misimu hiyo miwili ya England yalikuwa machache mno kwa mchezaji aliyetoka kuitikisa dunia Canada. Wangapi kati yetu tungemwambia aondoke Arsenal? Nadhani hakuna. Tungemwambia avumilie, jina la Arsenal litambeba.

Aliondoka. Mwaka 2017 akaenda China, klabu ya Dalian Quanjian. Kwa macho ya mshabiki, kutoka London kwenda Dalian ni kushuka. Lakini huko ndiko alikopata nafasi ya kuanza wiki baada ya wiki, akamaliza msimu wa kwanza akiwa bingwa na mfungaji bora wa ligi, na 2018 wakautetea ubingwa. Januari 2019 Barcelona ikamchukua kwa mkopo. Mwezi Mei mwaka huo, Budapest, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Lyon iliitandika Barcelona 4-1, na bao hilo moja alilifunga yeye akitokea benchi. Mkopo ukageuka mkataba wa kudumu. Mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kutwaa ubingwa huo wa Ulaya, akautwaa tena 2023, na katikati hapo, msimu wa 2021/22, akafunga mabao 20 na kugawana ufungaji bora wa ligi ya Hispania na Geyse wa Madrid CFF.

Najua kuna atakayenipinga: hata Barcelona, mechi kubwa nyingi alizianzia benchi. Ni kweli. Ila kuna tofauti ya kusugua benchi ukiwa na miaka 20 hujajua mwili wako unaweza nini, na kutokea benchi ukiwa na miaka 24, umekomaa, kwenye timu inayocheza mechi nyingi na kuzigawa kwa wachezaji wake wote.

Walimu, naomba mtazame tena mawili kati ya mabao yake ya Kombe la Dunia. La kwanza ni la Grenoble, 2019, dhidi ya Korea Kusini: mpira mrefu, anamshinda beki kwa kasi, anamzunguka kipa, na pembe imekwisha kubana anapoachia shuti. La pili ni la Brisbane, 2023, dhidi ya wenyeji Australia, dakika ya 72, akiwa ametoka benchi muda mfupi tu. Beki na kipa wanasitasita nani auondoe mpira, yeye anapenya katikati yao, anaugusa kwanza, anaumalizia golini kutoka pembeni kabisa. Akavua jezi akala kadi ya njano, na Nigeria ikashinda 3-2. Mabao ya aina moja, miaka minne mbali. Utulivu ule kwenye pembe finyu hauji kwa koni na mazoezi ya jioni peke yake. Unakuja kwa kukosa mara nyingi kwenye mechi za kweli, na kuaminiwa tena wiki inayofuata.

Wazambia wawili wamepita njia hiyohiyo. Racheal Kundananji alicheza Kazakhstan kabla ya Hispania. Februari 2024 Bay FC ya Marekani ikamnunua kutoka Madrid CFF kwa zaidi ya dola 780,000, rekodi ya dunia ya wanawake wakati huo. Barbra Banda alitoka Logroño akaenda Shanghai, akawa mfungaji bora wa ligi ya China, halafu kwenye Olimpiki ya Tokyo akafunga mabao sita katika mechi mbili za kwanza. Mwaka 2024 bao lake pekee liliipa Orlando Pride ubingwa wa Marekani. Kwa hiyo Mtanzania Opah Clement alipotoka Simba Queens akapita Uturuki na China, na Mtanzania mwenzake Clara Luvanga alipotoka Hispania kwenda Al Nassr ya Saudi Arabia, waliobeza vijiweni walipaswa kuuliza kwanza: anaanza mechi ngapi?

Sasa upande wa klabu, maana hapa ndipo tunapopoteza. Kanuni za FIFA zinasema wazi kwamba fidia ya mafunzo haihusu soka la wanawake. Binti akimaliza mkataba na kwenda nje bure, klabu iliyomlea haina cha kudai. Kilichobaki ni mgawo wa mshikamano: akiuzwa kimataifa katikati ya mkataba, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Lakini mgawo huo hulipwa kwa kumbukumbu za usajili, na klabu iliyomchezesha binti miaka mitatu bila kumsajili rasmi haimo kwenye hesabu.

Kwa mchezaji mwenyewe, mikataba ninayoonyeshwa huwa na kurasa nzima za adhabu na mstari mmoja wa matibabu. Goti la Oshoala pale Liverpool litukumbushe kuuliza nani analipa upasuaji na mshahara unaendeleaje. Tuulize pia uzazi: tangu 2021 FIFA inataka likizo isiyopungua wiki 14, nane kati yake baada ya kujifungua, kwa angalau theluthi mbili za mshahara. Mabinti wengi husaini bila kuambiwa hayo.

Kabla ya chai, naomba kila klabu itaje wachezaji wake walio chini ya miaka 18 ambao hawajaingizwa kwenye mfumo wa usajili wa shirikisho. Tukirudi tutaanza na orodha hiyo.