Sare Ngapi Zamtosha Mtoto Mdogo?

(Mazungumzo yaliyosomwa mwezi wa Novemba kwa wazazi wa watoto wanaoanza shule, katika ukumbi wa kanisa, Molo)



Leo hatukuja kuhubiri. Tumekuja kuhesabu mashati. Mtatuuliza, mbona kikundi cha maendeleo cha kanisa kinajishughulisha na mashati na soksi za watoto? Ni kwa sababu ya nyumba mbili tulizozitembelea, na tungependa kuanza nazo.

Katika nyumba ya kwanza, mama alikuwa anampeleka kifungua mimba wake PP1, ile tuliyozoea kuiita nasari. Alipewa orodha dukani, naye hakutaka mtoto wake apungukiwe na kitu. Akanunua yote kwa siku moja: mashati matano, kaptula tatu, sweta mbili, jozi tano za soksi, viatu jozi mbili. Pesa hazikufika, basi akauza viazi vya mbegu alivyokuwa ameweka. Mvua ilipokuja, majirani walikuwa wanapanda, naye anazunguka kuomba mbegu ya kukopa. Mwezi wa saba tulipomwona, mashati mawili yalikuwa bado sandukuni, hayajavaliwa hata mara moja, na shingo ya mtoto ilikuwa imeshawazidi vifungo.

Nyumba ya pili ni ya nyanya anayemlea mjukuu wa miaka mitano. Mwalimu alikuwa ametuuliza kwa nini yule msichana hukosa shule kila Jumatano. Tulikwenda tukidhani ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa, wala hakuna aliyemfukuza. Nguo zake zilikuwa kwenye kamba. Alikuwa na rinda moja na shati moja tu. Nyanya alizifua Jumanne jioni, na kwa mvua ile ya Mei hazikukauka hadi Alhamisi. Siku moja kila juma ni kitu kidogo, sivyo? Lakini katika muhula wa majuma 13, hizo ni siku 13. Huyo mtoto anajifunza kusoma huku akirukaruka.

Mmoja alinunua nyingi mno, mwingine chache mno, na wote wawili walimpenda mtoto. Kilichokosekana ni hesabu.

Kwa nini sare ni mzigo wetu

Tangu Januari mwaka 2003 karo iliondolewa katika shule za msingi za serikali, na sote tulifurahi. Lakini sare ilibaki juu ya mzazi. Kwa nyumba nyingi hapa kwetu, sare ndiyo pesa nyingi ya kwanza ambayo mtoto anaidai akiingia shule.

Na sare si urembo. Mwaka huo huo wa 2003 ulianza utafiti katika shule 328 za msingi za Magharibi mwa Kenya. Wanafunzi wa darasa la sita katika baadhi ya shule hizo walipewa sare bure. Baadaye ilionekana kwamba wasichana waliopewa walibaki shuleni zaidi, na waliopata mimba mapema walipungua. Hao walikuwa wakubwa kuliko watoto wetu wa nasari, lakini inatuonyesha kwamba nguo ya shule inaweza kumfungulia mtoto mlango au kumfungia. Kwa hiyo hatusemi mzazi asinunue. Tunasema anunue kwa akili.

Hesabu kwa kamba ya nguo

Wengi wetu tunahesabu kwa siku za juma: siku tano, mashati matano. Wengine tunahesabu kwa macho ya jirani: ati mtoto wake ana matatu, wangu awe na manne. Sisi tunawaomba mhesabu kwa kamba ya nguo. Jiulize: nguo ya mtoto nikiifua jioni, itakauka baada ya muda gani?

Tuchukue mfano. Mtoto ana mashati mawili. La kwanza analivaa Jumatatu, unalifua jioni. Jumanne anavaa la pili, huku la kwanza likiwa kwenye kamba. Jumatano asubuhi analihitaji tena. Kwa hiyo shati limepata mchana mmoja tu wa kukauka. Mwezi wa Januari na Februari, jua likiwa kali, mchana mmoja watosha kabisa. Lakini mvua ya masika ikianza, na baridi yetu ya Juni na Julai mnayoijua, mchana mmoja hautoshi. Ukiwa na shati la tatu, kila moja linapata michana miwili ya kukauka. Hapo mtoto hakosi shule kwa sababu ya kamba.

Basi hesabu ni hii: mashati mawili Januari, na la tatu kabla ya mvua. Tena hilo la tatu utalinunua ukiwa umemwona mtoto amekua kiasi gani. Mtoto wa umri huu huongezeka kama sentimita sita kwa mwaka, zaidi au pungufu kidogo. Ukinunua yote Januari, utayapata yote mafupi kwa wakati mmoja.

Rinda au kaptula, mbili. Lakini hapa tuseme ukweli bila haya: mtoto wa miaka minne bado anaweza kujikojolea, na uji humwagika. Kama wako ni wa namna hiyo, ongeza kaptula ya tatu badala ya shati, na umwekee ndani ya mfuko wa shule pamoja na chupi safi. Hilo ni afadhali kuliko sweta ya pili.

Sweta, moja. Ifuliwe Ijumaa jioni au Jumamosi asubuhi, ipate siku mbili. Msiikamue kwa kuisokota wala msiitundike ikiwa nzito kwa maji, itavutika mpaka imfike magotini. Itandazeni juu ya gunia safi. Kwa zile siku inaponyeshewa njiani, sweta ya pili iwe ya mitumba au ya kurithi kwa ndugu yake, mradi rangi ilingane.

Soksi, jozi tatu, zote za rangi moja na aina moja. Soksi moja ikipotea, nyingine hupata mwenzake mara moja.

Viatu, jozi moja ya ngozi, na kidole chako kiingie nyuma ya kisigino mtoto akiwa amesimama. Zaidi ya hapo atatembea akiburuta. Badala ya jozi ya pili ya ngozi, mnunulie gambuti kwa ajili ya tope letu. Abebe viatu mkononi, abadilishe akifika mlangoni. Viatu vitadumu.

Tuione kwa shilingi

Bei hubadilika kutoka duka moja hadi lingine, lakini tuseme shati ni shilingi 400, kaptula 500, sweta 800, jozi ya soksi 100, na viatu 1,200.

Ile orodha ya mama wa kwanza: mashati matano 2,000, kaptula tatu 1,500, sweta mbili 1,600, soksi 500, viatu jozi mbili 2,400. Jumla ni 8,000.

Hesabu ya kamba kwa mwezi wa Januari: mashati mawili 800, kaptula mbili 1,000, sweta moja 800, soksi 300, viatu 1,200. Jumla ni 4,100.

Tofauti ni 3,900. Hizo si pesa za kula. Ziwekeni katika chama au popote mnapoweka akiba, na mziandikie jina la mtoto. Zitanunua shati la tatu na gambuti kabla ya mvua, na pengine viatu vipya muhula wa tatu, maana mguu wa mtoto haungojei Januari. Na mbegu za viazi zitabaki ghalani mpaka siku ya kupandwa.

Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ataketi kwanza apige hesabu (Luka 14:28). Hata shati la mtoto ni mnara kwa mwenye shamba dogo.

Kosa letu wenyewe

Tusije tukaonekana wajuzi. Mwaka wetu wa kwanza sisi wenyewe tulinunulia watoto kadhaa sare kwa jumla, na tukachukua saizi kubwa "wakue nazo". Watoto walijikwaa kwenye marinda wakicheza. Mikono ya sweta iliingia ndani ya uji. Na kaptula tulizonunua zilikuwa na kifungo kigumu cha kiunoni. Mwalimu akatuambia mtoto anakimbia mpaka chooni, anahangaika na kifungo, na kabla hajakifungua mambo yameshaharibika. Akarudi nyumbani analia, wenzake wamemcheka, kesho yake hataki shule. Tulidhani tumemsaidia, kumbe tumemfunga.

Kutokana na hapo tulijifunza mambo matatu. Kwanza, kiunoni pawe na lastiki, si kifungo. Pili, chukua saizi inayomtosha na kuzidi kidogo tu, halafu mwambie fundi aache upindo wa vidole vitatu, ndani ya rinda na ndani ya mikono. Ukifumua upindo huo mwezi wa saba umepata nguo nyingine bila kununua. Tatu, weka alama. Mtoto wa nasari hawezi kusoma jina lake, na sweta zote zafanana. Shona uzi mwekundu au kishanga ndani ya ukosi, umwonyeshe: "Hii ndiyo yako." Jina liandikwe pia, kwa ajili ya mwalimu.

Maswali tunayoulizwa

Mama mmoja alituuliza: "Shule imesema lazima tununue kwenye duka moja, na bei yake ni kali. Nifanye nini?" Msiende mmoja mmoja kulalamika mlangoni. Nendeni kwa halmashauri ya shule mkiwa wazazi watano au kumi, kwa heshima, mkiwa na kipande cha kitambaa cha rangi ile ile na bei ya fundi wetu wa hapa. Ombeni kwamba nembo iuzwe peke yake, kila mzazi aishone. Mwalimu mkuu naye ni mzazi. Mara nyingi atawasikiliza.

Baba mmoja akauliza: "Na mimi ambaye hata hizo 4,100 sina?" Ndugu yetu, mtu hujikuna ajipatapo. Anza na vitu vitatu: rinda au kaptula mbili na viatu. Kwa shati na sweta tafuta za kurithi. Na nenda kwa mwalimu kabla ya siku ya kufungua, umwambie wazi: "Sare ya mtoto wangu haijakamilika, nitaikamilisha mwezi fulani." Usimfiche mtoto nyumbani kwa aibu. Aibu ni yetu sisi wakubwa. Mtoto yeye anapoteza masomo.

Mwingine alisema: "Lakini watasema mimi ni mchoyo." Watasema. Watasema pia ukiuza mbegu. Mtoto wa miaka minne hajui ana mashati mangapi sandukuni. Anajua kama lile alilovaa ni safi na kavu, na kama kuna uji asubuhi kabla hajatoka.

Sanduku la kanisa

Jambo la mwisho. Katika nyumba zetu kuna sare nzuri zilizoachwa na watoto waliokua. Zimelala bure chini ya kitanda, huku jirani anakopa kununua ile ile. Tumeweka sanduku nyuma ya kanisa. Leteni sweta, rinda, kaptula na gambuti, zikiwa zimefuliwa na vifungo vyake vimeshonwa. Usilete kitu ambacho wewe mwenyewe hungemvalisha wako. Jumamosi mbili kabla ya Krismasi tutalifungua, na kila mzazi atachagua, aliyeleta na asiyeleta. Hatutaandika majina ya wanaochukua, wala hatutauliza.

Yule nyanya tuliyemtaja alipata rinda la pili kutoka katika nyumba isiyofika hata mita mia mbili kutoka kwake. Lilikuwa limekaa miaka miwili, linangoja. Juma lililofuata, mwalimu alituambia, Jumatano msichana alikuwa kwenye dawati lake.

Basi mkifika nyumbani leo, kabla ya kwenda dukani, tazameni kamba zenu za nguo, mhesabu.