Pedali ya Breki Ikilegea, Gari Lisishuke Mlima

Mazungumzo kwa madereva, wamiliki wa magari na mafundi wa Kaunti ya Taita Taveta



Barabara ya kutoka Wundanyi kushuka Mwatate inajulikana na kila aliyeko hapa. Kona hufuatana, na mteremko haumpi dereva nafasi ya kubahatisha. Probox yenye abiria na magunia ya mboga huteremka hapo zaidi ya mara moja kwa siku. Mengi ya magari hayo si mapya. Gari lililotumika huruhusiwa kuingizwa nchini likiwa na umri usiozidi miaka 8, kisha huendelea kufanya kazi hapa kwa miaka mingine mingi. Mipira, mabomba na mafuta ya breki huzeeka pamoja nalo.

Mada ya leo ni pedali ya breki iliyolegea. Dereva anakanyaga, mguu unazama kuliko kawaida, anapampu mara mbili tatu, gari linasimama, safari inaendelea. Jioni anasema breki ziko sawa, ila zinataka kupampuliwa. Breki inayotaka kupampuliwa ni mbovu. Na ubovu huo si wa aina moja: jinsi pedali inavyolegea ndiyo inayoonyesha tatizo liko wapi.

Kwa nini pedali hulegea

Mguu unapokanyaga pedali, silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda, husukuma mafuta ya breki kupitia mabomba membamba hadi kwenye magurudumu. Mafuta hayo hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu hufika yote. Pedi hubana diski, na viatu vya breki hupanuka ndani ya dramu. Hewa, kwa upande wake, hubonyea. Ikiingia kwenye mabomba, sehemu ya nguvu ya mguu huishia kuibonyeza hewa hiyo badala ya kusimamisha gari.

Kipimo cha dakika moja

Gari lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe mawe na injini izimwe. Dereva akanyage pedali mara tano au sita, kisha aikandamize kwa nguvu ya kawaida na kuishikilia kwa dakika moja. Hapo atapata mojawapo ya majibu haya.

Kwanza, pedali inabonyea kama sponji, lakini inapanda na kukaza anapopampu. Hiyo kwa kawaida ni hewa. Mara nyingi gari limetoka kutengenezwa na hewa haikutolewa vizuri, au mafuta yalishuka mno kwenye kikopo chake.

Pili, pedali inazama polepole kuelekea sakafuni huku mguu umeikandamiza. Hapo mafuta yanavuja. Ikiwa hakuna penye unyevu na kikopo hakipungui, basi mipira ya ndani ya masta silinda imechakaa na mafuta yanarudi ndani kwa ndani. Gari linavuja bila tone moja kuanguka chini.

Tatu, pedali inashuka sana mara ya kwanza, lakini mara ya pili inakaa juu na ni ngumu. Magari mengi ya zamani yana dramu nyuma. Mara nyingi viatu vya breki vimekwisha, au viko mbali na dramu na vinahitaji kurekebishwa.

Liko tatizo la nne ambalo kipimo hiki hakilionyeshi. Asubuhi pedali ni imara, lakini baada ya mteremko mrefu inalegea, na gari likipoa inakuwa sawa tena. Hili ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu gari likifika kwa fundi halionyeshi kasoro. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Breki zikishikwa mfululizo kutoka juu hadi chini, joto lake huweza kuyachemsha, na mvuke hubonyea kama hewa. Dawa yake ni kuyamwaga yote na kuweka mapya. Watengenezaji wengi wa magari hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Dereva asichanganye haya na hali ya kawaida. Mguu ukiwa umekanyaga breki na injini ikawashwa, pedali hushuka kidogo. Hapo ni busta inaanza kusaidia. Pedali ngumu kama jiwe nayo ni tatizo jingine, na mara nyingi hutokana na busta.

Pa kuangalia

Kikopo cha mafuta ya breki kina alama ya chini na ya juu. Mafuta hupungua taratibu kadiri pedi zinavyolika, na hilo ni kawaida. Yakipungua ndani ya siku chache, kuna mahali yanapotokea. Kujaza kila asubuhi ni kuficha uvujaji. Akague upande wa ndani wa kila tairi, mipira inayoingia kwenye magurudumu, na pale masta silinda inapokutana na busta. Unyevu popote hapo ni sababu tosha ya kutotoka.

Kwa mafundi, kuna jambo moja kuhusu magari ya zamani. Wakati wa kutoa hewa, msaidizi asiikanyage pedali hadi sakafuni. Ndani ya masta silinda kuna sehemu ambayo mipira haijaifikia kwa miaka, na huko kutu na uchafu vimejikusanya. Mipira ikisukumwa huko, huchanika. Kipande cha mbao chini ya pedali huzuia hilo. Mafuta yaliyotolewa yasirudishwe kwenye kikopo.

Mazoea yanayoua

La kwanza ni kujaza mafuta ya injini kwenye kikopo cha breki. Mafuta hayo huvimbisha mipira yote, na mfumo mzima huharibika. Petroli nayo isitumike kusafishia sehemu za breki zenye mipira.

La pili ni kuziba bomba la gurudumu linalovuja ili gari lifanye kazi hadi mwisho wa wiki. Gurudumu hilo halina breki tena. Dereva akikanyaga kwa ghafla, gari huvutwa upande mmoja, na kwenye kona ya mlimani upande huo huenda ukawa bondeni.

Breki zikikataa njiani

Dereva apampu haraka, ashushe gia moja baada ya nyingine, na avute breki ya mkono kidogo kidogo huku kitufe chake kimebonyezwa ili aweze kuilegeza. Apige honi na kuwasha taa za tahadhari. Asizime injini na kuchomoa ufunguo, kwa maana usukani huweza kujifunga. Lakini kinga ni bora: mteremko uanzwe kwa gia ndogo, injini ilizuie gari, na breki zipate kupumua.

Magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka, lakini ukaguzi huo ni wa siku moja. Siku zote nyingine mkaguzi ni mguu wa dereva. Mwenye gari akiambiwa na dereva wake kwamba pedali imelegea, asimjibu kwamba apampu tu. Hasara ya kulaza gari siku moja hulipika. Na abiria anayemwona dereva akipampu breki ana haki ya kuuliza, na ya kushuka kabla mteremko haujaanza.