Kabla Hatujawapeleka Watoto Ufukweni

(Mada iliyotolewa kwa wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili, Dar es Salaam, katika maandalizi ya safari ya watoto ya Jumatatu ya Pasaka)

Wazazi wenzangu, walimu, na ninyi vijana wa kwaya mliokaa nyuma.

Mchungaji ameniomba nizungumze juu ya usalama wa watoto wetu baharini, na nimekubali kwa sababu moja. Miaka kadhaa iliyopita niliongoza safari kama hii katika usharika mwingine. Tuliomba kabla ya kuondoka, tukahesabu watoto mlangoni mwa basi, wakatimia. Tulipofika ufukweni tulikaa chini ya mti kupakua pilau, walimu sita wote, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia maji. Mtoto wa miaka minane alitolewa na kijana muuza madafu. Alipona, namshukuru Mungu. Jioni nilipomrudisha nyumbani, mama yake aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa hatua thelathini kutoka pale alipokuwa, na sikusikia kitu.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunangoja kelele. Mnakumbuka Petro alipoanza kuzama alipaza sauti kumwita Bwana; huyo bado alikuwa na pumzi. Mtoto anayezama hana. Mdomo wake unaingia na kutoka majini, kichwa kimelala nyuma, mikono inasukuma maji chini kama anayepanda ngazi. Hawezi kuita wala kupunga mkono. Kwa mtoto mdogo hali hiyo huchukua chini ya dakika moja kabla hajatoweka. Kwa hiyo ukiona mtoto aliyekuwa anacheka amenyamaza ghafla, usimwite mara tatu. Mfuate.

Sasa nizungumze juu ya maji yenyewe, maana wengi wetu hapa tumetoka bara na bahari tunaijua kwa macho tu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji yanapwa mbali sana na kujaa juu sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji yanakuwa yamepwa kabisa kama saa 4 asubuhi, na yanajaa kabisa kama saa 10 alasiri. Hebu fikirini. Basi letu linafika saa 4 au saa 5. Watoto wanaona mchanga mtupu hadi kule kwenye mwamba, wanakimbilia huko kuokota makombe. Saa 7 wanageuka kurudi, na bonde walilovuka likiwa kavu sasa lina maji ya kifuani. Hakuna wimbi lililowafuata. Maji yamezunguka tu nyuma yao.

Na Pasaka huja Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo miaka mingine tunaangukia kwenye bamvua lenyewe. Jirani zetu Waislamu wana jambo hilo hilo, maana Idd el-Fitr huja mwezi ukiandama. Siku ambazo fukwe zetu zinajaa watu, mara nyingi ndizo siku ambazo bahari inatembea kwa nguvu. Mzee mvuvi yeyote atakwambia. Ni sisi tusiomuuliza.

Nimesikia kwenye misiba maneno kwamba Mungu alimpenda zaidi. Sibishani na mfiwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka 5. Hao wadogo wengi hawafii baharini. Wanafia kwenye ndoo, pipa, kisima na shimo la maji nyuma ya nyumba, mama akiwa jikoni. Funikeni mapipa, hata leo mkirudi.

Mtoto akizama, usijitose. Najua inauma kusikia hivyo, hasa kwa baba. Lakini asiyejua kuogelea akiingia, tunazika wawili. Mtupie kitu kinachoelea: dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko na kamba. Mnyooshee mti, au kanga mbili zilizofungwa pamoja, wewe ukiwa umelala kifudifudi mahali pakavu. Akishatoka, msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo, kama tulivyozoea kuona. Kama hapumui, mpulizie pumzi 5 mdomoni, kisha mkandamize kifua mara 30, pumzi 2, tena 30, bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Akizinduka na kuomba soda, bado apelekwe hospitali, kwa sababu mapafu yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.

Mama mmoja aliniuliza kama ni heshima binti kujifunza kuogelea. Kule kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na wazazi wakakubali. Sioni kwa nini sisi tushindwe.

Basi, kwa safari yetu. Tutaangalia jedwali la maji kabla ya kupanga saa ya basi, si baada. Maboya ya matairi yanayokodishwa hatutayatumia. Mtoto hupelekwa nayo kwenye kina, kisha huteleza. Watoto wataingia majini kwa zamu, kumi kumi, maji yasizidi kiuno cha aliye mfupi kuliko wote. Kila kumi watakuwa na watu wazima wawili wasioshika simu, wasiopakua chakula, wanaopokezana kila nusu saa. Pilau itapoa kidogo, mtatusamehe.

Nahitaji watu wanane wanaojua kuogelea kweli kweli, siyo wa kujisifia. Majina mpeni mzee wa kanisa pale mlangoni. Na mwenye dumu zima na kamba ya mita 15, alete Jumapili.