Mbege ya Nyumbani: Tuizungumze Bila Kuoneana Haya

(Mada iliyotolewa kwa akina mama na vijana wa usharika, Kilimanjaro)



Nilipotaja mada hii baadhi yenu mlicheka. Pombe kanisani? Lakini hakuna hata mmoja humu asiyeijua harufu ya ndizi zinazochemka nyuma ya nyumba. Wengi wetu tulilipiwa ada kwa mbege, nami nikiwemo. Tukiwanyooshea vidole akina mama wanaopika, tunawanyooshea waliotusomesha. Wachungaji wetu wamekwisha kutuonya juu ya ulevi, nami nakubaliana nao. Leo nataka kusema juu ya kinachoua.

Mbege, kama mjuavyo, ni ndizi mbivu zilizochemshwa, zikaachwa siku kadhaa, zikachujwa. Maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, yakachacha hadi kesho yake. Wengine hutia msesewe ipate uchungu. Kileo chake si kikali, na kuchacha kwa namna hii hakutoi methanoli ya kumpofusha mtu.

Gongo ni jambo jingine. Licha ya ukali wake, wako wauzaji wanaoiongezea methanoli ya viwandani ili wapate faida, na mnywaji hawezi kuitambua kwa harufu wala kwa ladha. Jijini Nairobi, Novemba 2000, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, macho kuona ukungu. Jamani, msiseme "mwacheni alale, pombe itamtoka." Mkimbizeni hospitali usiku huo huo, maana tiba ipo.

Sasa turudi kwenye mbege, kwa sababu nayo ina mitego yake. Wa kwanza ni ulezi. Kimea huloweshwa na kuoteshwa, na masika jua ni la kubahatisha, kwa hiyo ukungu hushika upesi. Nimewahi kusikia mama akisema, "Umeharibika kidogo tu, si utachemka?" Hapana, mama yangu. Sumukuvu haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na ulezi nao hushikwa. Kimea kianikwe juu ya chanja au turubai safi, si chini kwenye udongo. Kilichoota ukungu kitupwe, na ng'ombe asipewe. Najua inauma, ulezi si bei rahisi.

Mtego wa pili ni vyombo, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Sisi ni watu wa kahawa, na kila nyumba ina dumu lililowahi kubeba dawa ya mibuni. Plastiki huinyonya dawa ile, na mbege ni chachu, huitoa tena taratibu. Kulisugua kwa majivu hakusaidii, hata mara tano. Dumu la dawa litobolewe lisitumike tena, hata kwa maji ya kunywa.

Baada ya chai tutatoka nje kuyatazama madumu mliyokuja nayo. Ambaye hajui lake lilibeba nini aliweke upande wa mwembe. Hatutaulizana ni la nani.