Taa Haishiki Usukani
Somo: Matendo ya Mitume 27:9-44



Tulipokuwa Mombasa kwa mkutano wa injili, wenyeji wetu walitupeleka kuona mnara wa taa ulio kando ya bahari, kwenye bustani ya Mama Ngina. Mahali pale palitengenezwa upya mwaka 2019. Kuna mibuyu mikubwa. Jioni watu wanakaa na watoto wao, wanakula mihogo na kunywa madafu. Meli zinapita karibu sana zikiingia bandari ya Kilindini. Mizigo mingi inayofika kwetu Kivu imepitia pale.

Jambo moja tulilizungumza sana: taa ile haiwaangazii wanaokula mihogo. Inatazama bahari, kwa ajili ya yule ambaye hajafika.

Mahubiri mengi juu ya taa yanaishia hapo. Tunasoma Mathayo 5, tunasema sisi ni nuru, amina, tunarudi nyumbani. Lakini taa haishiki usukani. Nahodha anaweza kuiona vizuri na bado akaigonga meli kwenye mwamba.

Tazameni Paulo. Alionya kabla ya safari kwamba mizigo na maisha ya watu viko hatarini. Akida hakumsikiliza, alimsadiki nahodha na mwenye meli. Kisha upepo laini wa kusini ukavuma, wakaona mambo ni mazuri. Tunajua upepo huo! Ndio unaotudanganya sisi pia asubuhi ziwa likiwa limetulia. Walikuwa watu 276, wakakaa siku nyingi bila kuona jua wala nyota. Mungu aliwaokoa wote, ila meli ilivunjika.

Sasa turudi kwenye ziwa letu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti lililotoka Minova lilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa mchana. Watu wa nchi kavu walikuwa wanaliona. Hawakukosa mwanga, wapendwa. Boti lilikuwa limejaa kupita kipimo. Familia nyingi za Kivu zinalia mpaka leo, na hatutaki mtu awaambie kwamba ni mapenzi ya Mungu tu, halafu anyamaze.

Wenye maboti wengine wanakaa kwenye viti vya mbele kanisani. Wanatoa sadaka, tunawaombea baraka. Ni nani kati yetu, wachungaji na wazee, amewahi kumwuliza ndugu kama huyo: unapakia watu wangapi? Jile za kuelea ziko ngapi? Tunaogopa kumchukiza. Paulo alikuwa mfungwa, na alisema.

Wewe mama unayepeleka bidhaa Idjwi au Goma, ukiona boti limejaa, shuka. Hasara ya soko la siku moja tutaibeba pamoja, na mashemasi wanajua la kufanya. Na wewe ndugu mwenye boti unayetusikiliza sasa: kesho, kabla ya kufungua kamba, wahesabu watu wako.