Mashine ya Randa na Mbao Zenye Maua



Habari ya zile mbao za viti vya kanisa mnaijua. Mbao 11 za mvule, zimenunuliwa kwa pesa ya mzunguko, ziliingia kwenye mashine zikiwa safi zikatoka zimenyofoka kama zimetafunwa na panya. Maneno yakawa mengi: mashine ni mbovu, iuzwe. Hata sisi wa ofisi ya maendeleo tulikubali haraka, na hapo tulikosea. Mashine ilikuwa nzima, ila imepangwa kwa saiprasi.

Nyuzi za mvule hazilali upande mmoja. Miaka kadhaa mti unazipinda huku, halafu unazipinda kule. Hiyo ndiyo inaleta ile milia inayong'aa tunayoipenda, lakini ina maana kisu kikifuata nyuzi hapa, kando yake kinazikuta zimesimama na kinazing'oa. Grevilea ya shamba pia, ikipasuliwa kuelekea moyo, yale maua yake huinuka vivyo hivyo.

Kwanza zima stima ukutani, si kwa swichi ya mashine peke yake. Vidole havinunuliwi sokoni.

Halafu toa visu vyote, vinolewe pamoja. Ndani ya mvule mara nyingine kuna mawe ya chokaa, na jiwe moja linatosha kumega makali. Wakati wa kuvirudisha ndipo vijana wetu hukimbia. Kisu kimoja kikitokeza kuliko wenzake, hicho peke yake ndicho kinakata. Mashine yetu inanyoosha juu na kupunguza unene chini, kwa hivyo laza kipande cha mbao kilichonyooka kwenye meza ya kutokea, kipite juu ya visu, kisha zungusha kichwa kwa mkono, polepole. Kila kisu kikisogeze hicho kipande kidogo tu, kwa kipimo kile kile, mwanzo, katikati na mwisho. Ikichukua asubuhi nzima, sawa.

Fundi mmoja mzee alituonyesha jambo lingine: uso wa mbele wa kisu apige mkato mwembamba sana, nyuzi 10 hadi 15. Hapo kisu kinakwangua badala ya kuinua. Lakini mota inapata kazi zaidi na makali yanaisha upesi, kwa hivyo visu hivyo viwekwe kando kwa mbao ngumu tu.

Saiprasi mnaondoa milimita 2 au 3 kwa mara moja. Mvule ondoa nusu milimita, na mwendo uwe wa chini kama mashine ina gia. Ingiza mbao ikiwa imekaa mshazari kidogo. Ikizidi kusumbua, ipanguse kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuipitisha. Acha milimita moja hivi ya kumalizia kwa chuma cha kukwangua na msasa. Na mfunike pua na mdomo jamani, vumbi la mvule linawasha na kuleta kikohozi.

Kabla ya yote, jaribuni kwa kipande kilichokatwa kwenye mbao ile ile, si saiprasi ya kuokota.

Katika zile 11, mbao 9 ziliokoka, ingawa viti vimekuwa vyembamba kuliko tulivyoahidi parokia. Mbili zilikwisha kabisa, na pesa yake kikundi bado kinalipa.