Hotuba juu ya maneno mawili ya Kiingereza: "bus" na "coach"

Vijana waendao kusoma Uingereza hutuuliza maneno haya yana tofauti gani, maadam yote mawili ni magari makubwa ya abiria, nasi twayaita yote basi.

"Bus" ni mkia tu wa neno la Kilatini, "omnibus", maana yake "kwa wote". Katika London gari la namna hiyo lilianzishwa na George Shillibeer tarehe 4 Julai 1829, likivutwa na farasi watatu. Aliyetaka alipanda njiani, pasipo kuagiza nafasi mbele. "Coach" ni neno la zamani zaidi. Latoka katika kijiji cha Kocs, nchi ya Hungaria, kilichosifika kwa magari yake ya farasi. Hata "kocha" wetu wa mpira ni neno lilo hilo, kwani wanafunzi wa Oxford walimtania mwalimu aliyewachukua hadi mwisho wa mtihani kama gari lichukuavyo msafiri. Bali kochi la sebuleni ni neno jingine kabisa.

Siku hizi "bus" huko ni gari la mjini na vijiji vya jirani: lasimama vituo vingi, na wengine husafiri wamesimama. "Coach" laenda miji ya mbali. Kiti huagizwa kabla, mizigo huwekwa chini ya sakafu, na viti vina mikanda. Tangu 2006 abiria aliyetimiza miaka 14 hana budi kuufunga mkanda uliopo kitini pake.

Hapa ndipo penye hasara. Kijana aandikiwa kwamba atasafiri kwa "coach" kutoka Victoria, London. Asiyejua tofauti atangoja penye mabasi mbele ya stesheni ya gari la moshi, hali gari lake laondoka katika kituo kingine, kilichofunguliwa 1932 katika barabara ya Buckingham Palace, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Nauli aliyokwisha kulipa huenda ikapotea. Naye apandaye basi la London na fedha mkononi hukataliwa, maana tangu Julai 2014 fedha taslimu hazipokelewi humo. Hulipwa kwa kadi.

Basi walimu, mkimsomea mzazi barua ya namna hiyo, litazameni neno lenyewe, kisha jina la kituo, kisha saa. Nayo saa huandikwa kwa hesabu ya Kizungu: 9 ya asubuhi ni saa tatu yetu.